Bunduki ya Kulinda Nyumba na Watu Wanaoishi Ndani Yake

Nchini Marekani mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria anaweza kununua bunduki na kuiweka nyumbani bila kulazimika kuthibitisha kwamba anaihitaji, kwa kuwa kumiliki silaha katika nchi hiyo ni haki inayotokana na Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoridhiwa mwaka 1791. Kwa muda mrefu wanasheria walibishana iwapo marekebisho hayo yaliwahusu wanamgambo wa majimbo peke yao au kila mwananchi, mpaka mwaka 2008, katika kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, Mahakama ya Juu ilipoamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi na kwamba kiini chake ni kujilinda, hasa ndani ya nyumba. Uamuzi huo ulibatilisha sheria ya jiji la Washington iliyopiga marufuku bastola na kuagiza kwamba bunduki ndefu ziwekwe nyumbani bila risasi, zikiwa zimefunguliwa vipande au kufungwa kufuli. Na miaka miwili baadaye kesi ya McDonald dhidi ya Chicago iliyafunga majimbo na miji yote kwa kanuni hiyo hiyo.

Tangu hapo swali la kisheria limepisha swali la nyumbani, yaani ni bunduki gani imfaayo mtu anayetaka kulinda familia yake. Utafiti wa taasisi ya Pew Research Center wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba takriban asilimia 32 ya watu wazima wa Marekani wanamiliki bunduki, na asilimia 72 kati ya wamiliki hao walitaja ulinzi kuwa sababu kubwa ya kufanya hivyo. Suala hili linawagusa pia wasemaji wa Kiswahili, kwani Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi wengi wamehamia katika miji ya nchi hiyo wakitoka katika nchi ambazo leseni ya silaha hutolewa na dola baada ya mwombaji kuiridhisha kwamba ana sababu ya kutosha, na hujikuta wakiishi mahali ambapo bunduki huuzwa dukani pamoja na vifaa vya uvuvi na mahema.

Mazungumzo ya dukani kwa kawaida huanzia kwenye ukubwa wa risasi na jina la kiwanda. Huo si mwanzo unaofaa. Anayechagua silaha ya kulinda nyumba anapaswa kwanza kuitazama nyumba yenyewe, kuta zake, milango yake na vyumba wanamolala watoto, kisha awatazame watu wanaoishi humo, umri wao, nguvu za mikono yao na hali ya nafsi zao, ndipo afike kwenye silaha, kwa sababu bunduki ile ile inayoweza kuwa kinga katika nyumba moja huweza kuwa msiba katika nyumba ya jirani.

Hatari inayoogopwa nayo inastahili kufahamika ilivyo. Ofisi ya Takwimu za Haki ya serikali ya Marekani ilichunguza uvunjaji wa nyumba uliotokea kati ya miaka 2003 na 2007, ikabaini kwamba katika matukio takriban asilimia 28 kulikuwa na mtu nyumbani wakati mwizi anaingia, na kwamba watu wa nyumba walifanyiwa ukatili katika asilimia 7 tu ya matukio yote. Jambo linalosahaulika zaidi katika uchunguzi huo ni kwamba, pale ukatili ulipotokea, takriban asilimia 65 ya waliofanya hivyo walikuwa watu wanaofahamika na waathiriwa, wakiwamo wapenzi wa zamani, jamaa na majirani. Sura ya jambazi mgeni anayenyemelea usiku wa manane ipo, lakini si ndiyo iliyo ya kawaida, na mlango imara huizuia mapema kuliko risasi. Milango mingi ya nyumba za mbao za Marekani hupigwa teke ikafunguka kwa sababu bamba la kitasa limeshikwa na skrubu fupi zisizofika kwenye nguzo ya ukuta. Kuziondoa na kuweka skrubu za inchi 3 ni kazi ya dakika chache, na taa ya nje pamoja na mbwa anayebweka hukamilisha ulinzi ambao hauwezi kumuua mtoto wa mwenye nyumba.

Kwa aliyekwisha kuyafanya hayo na bado akaona anahitaji silaha, aina zinazozingatiwa ni tatu. Ya kwanza ni shotgani, bunduki ndefu yenye mtutu laini kwa ndani, ambayo hurusha marisaa, yaani chembe za risasi zinazotoka nyingi kwa pamoja. Ukubwa wake hupimwa kwa geji, kipimo cha kale kinachohesabu ni goroli ngapi za risasi zenye kipenyo cha mtutu zingefikisha uzito wa ratili moja, na ndiyo maana geji 12, yenye mtutu wa milimita 18.5, ni kubwa kuliko geji 20. Bunduki kama Remington 870, inayotengenezwa tangu mwaka 1950, na Mossberg 500, iliyofuata mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni rahisi kwa bei, hudumu, na hupakiwa risasi mpya kwa kuvuta na kusukuma kishikio kilicho chini ya mtutu. Fataki moja ya kawaida ya kujilinda hubeba marisaa 8 au 9, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 8.4, na kwa umbali wa chumbani hakuna silaha ya mkononi iliyozoeleka inayoizidi kwa nguvu.

Sifa hizo zimezaa imani mbili zinazopaswa kukataliwa. Ya kwanza husema kwamba shotgani haihitaji kulengwa kwa kuwa marisaa hutawanyika na kujaza chumba. Ukweli ni kwamba kwa umbali wa mita 5 marisaa hayo bado yameshikamana katika eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono, hivyo asiyelenga hukosa kama ambavyo angekosa kwa bastola. Ya pili husema kwamba sauti ya kuivuta tu inatosha kumtimua mwizi, nayo huenda ikawa kweli kwa mwizi mmoja na kwa mwingine ikawa tangazo la mahali alipojificha mwenye nyumba. Mwezi Februari 2013 Joe Biden, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alieleza hadharani kwamba alimshauri mkewe atoke barazani na kufyatua shotgani ya mitutu miwili mara mbili nje ya nyumba endapo kungetokea tatizo, na walimu wa silaha walimpinga kwa haki, kwani kufyatua ovyo namna hiyo ni kosa la jinai katika maeneo mengi, huweza kumdhuru asiyehusika, na katika bunduki ya mitutu miwili humwacha mwenye nyumba mikono mitupu. Juu ya hayo, msukumo wa geji 12 begani ni mkali, na mtu mwenye umbo dogo aliyeumizwa nao mara moja mara nyingi hakubali kufanya mazoezi tena.

Aina ya pili ni bastola, ambayo ndiyo iliyopendwa zaidi na wananchi wa Marekani kwa ulinzi wa nyumba. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika uamuzi wa Heller, alizitaja sababu zinazoweza kumfanya mtu aichague: huwekwa kwa urahisi mahali panapofikika wakati wa dharura, si rahisi mvamizi kuigeuza au kuipokonya, humfaa asiye na nguvu za kuinua bunduki ndefu, na huweza kushikwa kwa mkono mmoja huku mwingine ukipiga simu polisi. Sababu hizo ni za kweli, lakini hazitaji gharama yake, nayo ni kwamba bastola ndiyo silaha ngumu kuliko zote kuilenga sawasawa. Bunduki ndefu hushikwa kwa mikono miwili, ikaegemea bega na shavu. Bastola hushikiliwa na viganja pekee, na mtetemo mdogo wa kidole kwenye kifyatulio, yaani kipande kinachovutwa ili risasi itoke, unatosha kuipeleka risasi ukutani.

Bastola zenyewe zimegawanyika katika makundi mawili. Rivolva ina gurudumu lenye vyumba 5 au 6 vya risasi linalozunguka kila kifyatulio kinapovutwa. Ni rahisi kuielewa, huweza kukaa mwaka mzima kwenye kasiki na bado ikafanya kazi, ila kifyatulio chake ni kizito na risasi zake ni chache. Bastola ya nusu otomatiki hutumia nguvu ya risasi iliyofyatuliwa kujipakia inayofuata kutoka kwenye magazini, yaani kikasha cha risasi kinachoingizwa ndani ya kishikio, na Glock 17, iliyobuniwa na Gaston Glock na kupokewa na jeshi la Austria mwaka 1982, iliweka mfano ulioigwa na viwanda vingi: fremu ya plastiki, risasi 17 za milimita 9, na sehemu chache za kuharibika. Hapa pana kosa linalorudiwa na wauzaji, hasa wanapomhudumia mwanamke au mzee, la kumpa bastola ndogo kabisa kwa kudhani kwamba udogo ni wepesi wa kutumia. Bastola ndogo hurusha mkono juu kwa nguvu zaidi kwa sababu haina uzito wa kumeza msukumo, na alama zake za kulengea zimekaribiana mno kiasi kwamba kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa kwenye shabaha. Bastola ya nyumbani haifichwi kiunoni, na kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha ile ya ukubwa kamili, mradi mtumiaji awe na nguvu za kuivuta nyuma sehemu yake ya juu.

Aina ya tatu ni raifo fupi, na hasa AR-15, iliyobuniwa na Eugene Stoner katika kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950. Herufi zake mbili zinatokana na jina la kampuni hiyo. Raifo ni bunduki ambayo mtutu wake umechongwa mifuo ya kuizungusha risasi ili iende moja kwa moja, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1934 hudai mtutu wake uwe na urefu usiopungua inchi 16, la sivyo isajiliwe kwa utaratibu maalumu. Kwa upande wa ufundi tu, ni rahisi kuifyatua kwa usahihi: msukumo wake ni mdogo na mtu dhaifu huimudu. Hata hivyo ni silaha iliyotumika katika baadhi ya mauaji ya halaiki yaliyowaumiza Wamarekani zaidi, majimbo kama California, New York na Maryland yamezuia uuzaji wake katika umbo la kawaida, na mlipuko wake ndani ya chumba ni mkali kuliko wa bastola, ingawa kila silaha iliyotajwa hapa hupita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja huweza kuliharibu sikio daima.

Kuhusu risasi, mafunzo mengi yalitokana na mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambapo maofisa 2 wa shirika la upelelezi la FBI waliuawa na wengine 5 kujeruhiwa na majambazi wawili, mmoja wao akiendelea kupigana baada ya risasi ya milimita 9 kuishia ndani ya kifua kabla ya kuufikia moyo. FBI iliweka kipimo kwamba risasi ya kufaa ipenye kati ya sentimita 30 na 46 katika jelatini inayofananishwa na nyama ya mwili, ikahamia kwenye risasi kubwa zaidi, kisha katikati ya miaka ya 2010 ikarejea kwenye milimita 9 baada ya utengenezaji wake kuboreka na maofisa kuonekana wanalenga vizuri zaidi wakiitumia. Risasi inayopendekezwa ni ile yenye tundu kwenye ncha, ambayo hufunguka inapogonga mwili. Azimio la The Hague la mwaka 1899 liliikataza vitani, lakini polisi na raia huitumia kwa kuwa haielekei sana kutokea upande wa pili.

Suala la kutokea upande wa pili ndilo linaloirudisha hoja kwenye nyumba. Kuta za ndani za nyumba nyingi za Marekani si za tofali wala saruji kama zilivyo nyingi za Afrika Mashariki, bali ni bodi mbili za jipsamu zenye unene wa nusu inchi kila moja, katikati kukiwa na uwazi na nguzo za mbao. Risasi yoyote inayoweza kumzuia mtu hupenya kuta kadhaa za aina hiyo, na risasi ya bastola iliyokosa shabaha huweza kuvuka chumba cha watoto na kuingia kwa jirani. Risasi nyepesi za raifo mara nyingi huyumba na kuvunjika zinapogonga ukuta na hivyo kupoteza nguvu mapema kuliko wengi wanavyodhani, lakini hakuna iliyo salama. Anayeishi katika nyumba ya ghorofa yenye familia nyingi anapaswa kujua, kabla ya kununua chochote, ni upande gani hawezi kabisa kuelekeza mtutu.

Kanuni za usalama zilizopangwa na Jeff Cooper, mwalimu wa silaha aliyeanzisha shule yake Arizona mwaka 1976, huhitimishwa kwa agizo la kuitambua shabaha na kilicho nyuma yake. Tarehe 17 Oktoba 1992 mjini Baton Rouge, Louisiana, Yoshihiro Hattori, mwanafunzi wa Kijapani mwenye umri wa miaka 16, alikosea nyumba akielekea kwenye sherehe, hakuelewa amri aliyopewa kwa Kiingereza, akapigwa risasi na mwenye nyumba na kufariki. Mahakama ya jinai ilimwachia huru mfyatuaji, lakini ya madai iliwapa wazazi haki ya fidia. Kwa sababu hiyo tochi yenye mwanga mkali haipaswi kuhesabiwa kuwa pambo la bunduki: anayefyatua gizani hajui anamfyatulia nani, na katika nyumba ya familia anayetembea usiku karibu kila mara ni mtu wa nyumbani.

Sheria nayo ina mipaka isiyofahamika vema. Kanuni inayoihesabu nyumba ya mtu kuwa ngome yake ilitamkwa Uingereza katika kesi ya Semayne mwaka 1604 na kurithiwa na Marekani, na Florida mwaka 2005 ikaongeza kwamba mtu hana wajibu wa kurudi nyuma hata akiwa nje ya nyumba. Hata hivyo majimbo mengi hayaruhusu kuua kwa ajili ya kulinda mali tu, Texas ikiwa miongoni mwa yale machache yanayoruhusu katika hali fulani. Kwa wahamiaji tahadhari ni kubwa zaidi: mwenye ukazi wa kudumu anaweza kununua silaha kihalali, lakini mwenye viza ya muda, kama ile ya mwanafunzi, kwa kawaida hukatazwa hata kuishika, na kosa la silaha huweza kumfukuzisha nchini mtu yeyote asiye raia.

Lililo zito kuliko yote ni hatari inayotoka ndani ya nyumba yenyewe. Wataalamu hawakubaliani ni mara ngapi bunduki huokoa: utafiti wa Gary Kleck na Marc Gertz wa mwaka 1995 ulikadiria matumizi ya kujihami milioni 2.5 kwa mwaka, ilhali uchunguzi wa serikali unaowahoji waathiriwa wa uhalifu hutoa hesabu isiyofika laki moja. Kuhusu madhara, ushahidi hauna utata kama huo. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini Marekani, na 26,328 kati yao walijiua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine, uliowafuatilia zaidi ya watu wazima milioni 26 wa California, ulibaini kwamba wanaume wenye bastola walijiua kwa bunduki takriban mara 8 zaidi ya wanaume wasio nazo, na wanawake wenye bastola takriban mara 35 zaidi ya wenzao. Watafiti hao hao walionyesha mwaka 2022 kwamba mtu asiye na bastola anayeishi na mwenye nayo alikuwa na uwezekano takriban mara 7 zaidi wa kuuawa kwa risasi nyumbani na mwenzi wake, na wengi wa waliouawa hivyo walikuwa wanawake.

Takwimu hizo zinatosha kutoa hukumu katika baadhi ya nyumba bila kufika dukani. Penye mtu aliyezama katika huzuni, penye ulevi wa kila mara au penye ndoa ya vipigo, hakuna aina ya bunduki inayofaa. Iliyopo ihamishwe mpaka hali itulie, na aliyeelemewa na nafsi yake nchini Marekani apige namba 988, iliyoanzishwa Julai 2022 kwa ajili ya dharura za aina hiyo.

Katika nyumba nyingine uamuzi wa mwisho ni wa mahali pa kuiweka. Droo ya kitandani, juu ya kabati na chini ya godoro si mahali pa kuficha, kwa kuwa watoto hupajua kote. Kasiki dogo linalofunguliwa kwa namba au alama ya kidole humpa mwenye nyumba silaha yake kwa sekunde chache na kumnyima kila mwingine. Baada ya kijana kuwaua wanafunzi 4 katika shule ya sekondari ya Oxford, Michigan, tarehe 30 Novemba 2021, wazazi wake wote wawili walitiwa hatiani mwaka 2024 kwa kuua bila kukusudia, na mwaka huo huo jimbo hilo likaanza kutekeleza sheria inayowalazimisha wamiliki kufungia bunduki zao pale zinapoweza kufikiwa na watoto. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2005 humtaka muuzaji mwenye leseni kumpa kila mnunuzi wa bastola kifaa cha kuifungia, na mpango wa Project ChildSafe hugawa kufuli za waya bure kupitia idara za polisi. Mwenye bunduki ambaye bado hana kufuli akaichukue kabla ya kununua kisanduku kingine cha risasi.